Utambi Mweupe

Quirze aliposhuka katika basi, asubuhi ya mavuno, sauti ya kwanza kumpokea mjini Vallmora ilikuwa ya mwanamke akimkemea mumewe, aliyekuwa akirudisha trekta nyuma bila kutazama.

"We baba! Una haraka ya Galderic? Utanivunjia kreti zangu!"

Watu waliokuwa wakingoja kupima zabibu zao wakaangua kicheko. Quirze hakucheka. Galderic alikuwa kaka yake, tumbo moja, aliyefia ndani ya birika la mvinyo, lile tangi kubwa la kuchachishia zabibu, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Muda huo wote Quirze aliishi ng'ambo ya mpaka, Perpinyà, akitengeneza mabehewa ya treni, wala hakupata kujua kwamba mji ulikuwa umeligeuza jina la marehemu kuwa methali ya wapumbavu.

Mtu akamshika bega. Alikuwa Medir, fundi wa mapipa, rika lake.

"Quirze! Wewe si ulikufa?"

"Bado, Medir."

"Basi umenidhulumu. Nilikwisha kukulilia, tena kwa mvinyo wangu mwenyewe." Kisha, alipoona uso wa mwenzake, akapunguza sauti. "Usiudhike na yule mama. Ni msemo tu wa hapa. Hata mimi wajukuu wangu nawaambia hivyo, wakinywa supu ingali yachemka."

Quirze akapanda njia ya mawe kwenda nyumbani kwa marehemu. Upepo ulitoka baharini ukipita juu ya mizabibu, na kila ghala aliyoipita ilikuwa ikipumua harufu tamu, nzito, ya zabibu zinazochacha. Alipokaribia tundu la kutolea maji katika ukuta wa nyumba ya tatu, akaisikia ile sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeinama, mwenye shughuli, anayeuliza jambo dogo.

"Unawaka?"

Alikwisha kuizoea. Ilimfuata karakanani kila alipowasha taa ya kuchomea, na jikoni kila mkewe alipowasha jiko, hata mkewe akafariki bila kujua kwa nini mumewe hutoka nje kila kiberiti kinapokwaruzwa. Lakini huko Perpinyà ilikuwa ikitoka mbali. Hapa ilitoka ukutani.

Engràcia, mjane wa Galderic, alimpokea mlangoni kwa mikono iliyolowa nyanya, maana alikuwa akiisugua juu ya mkate.

"Karibu, shemeji. Umekonda. Wafaransa hawali?"

"Wanakula, shemeji. Mimi ndiye siwezi."

Akamwandalia mkate na samaki wadogo wa chumvi, na kabla hajamaliza kipande cha kwanza, akaingia Roser, binti wa marehemu, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya baba yake kuzikwa. Quirze hakuwa amemwona hata siku moja. Akainuka, na mkate ukamdondoka. Roser alikuwa na paji la Galderic na mabega ya Galderic, na alisimama kama alivyosimama Galderic, uzito wote mguu mmoja.

"Ami," akasema Roser akicheka, "mama alinambia utakuja na masharubu. Mbona umetuletea nusu yake?"

Mwaka huo Roser alikuwa amelifungua tena birika la baba yake, lililofungwa tangu msiba. Mvinyo wa kwanza ulikuwa umekwisha kutolewa juzi, na sasa ilibaki kuingia kuyatoa machicha ya zabibu. Kwa sababu hiyo Quirze aliandikiwa barua. Pale Vallmora mtu haingii birikani ila damu ya upande wa baba yake imemshikia mshumaa. Mwenye kuingia hukaa chini, mbele ya mlango mdogo wa ubao ulio ubavuni mwa birika; ndugu yake hukaa ghala ya juu, kwenye tundu la kumiminia zabibu, akiteremsha mshumaa kwa kamba. Ndani ya birika hubaki pumzi ya mvinyo, isiyo na rangi wala harufu ya kujulisha, nayo huua kimya. Mshumaa ukiwaka hadi chini, mahali ni salama. Hupandishwa upesi, na wa juu humjibu wa chini. Wa chini haoni mwali. Anachokiona ni ubao, na anachokitegemea ni neno.

"Sina kaka wala dada," akasema Roser. "Nina wewe tu."

Saa nne Quirze akapanda ghala ya juu. Ukingo wa tundu ulikuwa vilevile, na jiwe lile lililobonyea ambapo siku ile aliuweka mshumaa. Ilikuwa sikukuu, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye viatu vipya. Kiberiti kililowa maji ya zabibu, na kufuata kingine jikoni, kushuka ngazi na kupanda tena, ni kazi ya dakika tano. Uwanjani wapiga zumari walikuwa wameanza, watu wanashikana mikono kufanya duara. Galderic akauliza kutoka chini, "Unawaka?" Naye akajibu, "Unawaka, ingia!" akauweka mshumaa juu ya jiwe, akaenda kucheza. Walipomtoa Galderic, waliuona mshumaa na utambi wake mweupe, usiowahi kuguswa na moto. Quirze akaulizwa. Akasema, "Hakuniita. Aliingia kwa haraka zake." Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi; hii yake ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na mmoja, na mwisho wake ulikuwa pale pale ilipoanzia.

Akawasha. Akateremsha. Mwali ulishuka wima kiasi cha dhiraa mbili, kisha ukalala ubavu, kama mwali unaopulizwa na mtu mwenye subira, ukawa bluu, ukazimika.

"Ami!" Roser akaita kutoka chini. "Unawaka?"

Na nyuma ya sauti yake, ndani ya lile shimo, ikauliza ile nyingine, kwa lafudhi moja, kwa pumzi moja: "Unawaka?"

Quirze akafumbua kinywa. Ulimi wake, ambao kwa miaka yote ulikuwa na jibu moja tu kwa swali hilo, ukawa mzito kama jiwe. Chini akasikia ubao ukigongwa, Roser akilegeza kabari.

"Ami, mbona kimya? Niingie?"

"Hauwaki!" akapiga ukelele. "Umezimika! Acha ubao, toka! Toka nje, mwanangu, toka!"

Akashuka ngazi akijikwaa. Roser alikuwa uani, kabari mkononi, anamshangaa.

"Nimetoka, ami. Tutaliacha birika wazi hadi kesho, basi."

"Siku ile aliniita," akasema Quirze. "Baba yako. Aliuliza kama ulivyouliza wewe. Nami nikamjibu unawaka. Sikuuwasha."

Engràcia alikuwa ametoka jikoni, akasikia. Hakulia. Akarudi ndani, wakasikia droo ikifunguliwa, akatoka na mshumaa uliokuwa umegeuka rangi ya jibini kwa kukaa, utambi wake ungali mweupe.

"Nimeuweka huu ili nisisahau kumkasirikia," akasema. "Niliolewa na mwanaume aliyeshindwa kungoja mshumaa uwashwe, akaniacha na mimba. Ndivyo nilivyomwambia kila siku ya wafu. Wenzangu wakipeleka maua makaburini, mimi nilibaki hapa nikifua. Miaka thelathini na mmoja, shemeji, sijampelekea hata ua moja."

"Shemeji, nisa..."

"Usiniombe mimi. Shika." Akampa mshumaa. "Waliomcheka wako uwanjani. Nenda sasa hivi, kabla hawajaenda kula."

Akaenda. Foleni ya kupimia zabibu ilikuwa bado ndefu. Alisimama katikati yake, akauinua ule mshumaa, akasema yote, bila kuruka viatu wala zumari. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke wa trekta akajifanyia ishara ya msalaba, akamtazama mumewe, kisha akatazama chini. Medir akajikuna kidevu.

"Sasa wajukuu niwaambieje?" akauliza.

"Waambie jina langu."

"Ndivyo nitakavyowaambia," akasema Medir, wala hakumshika bega tena.

Adhuhuri Quirze alirudi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, watu hawamo. Bustanini mashina ya maua yalikuwa yamekatwa, utomvu ungali unatoka, na nyayo za wanawake wawili zilielekea makaburini. Akapanda ghala ya juu. Akapiga magoti ukingoni, akainamia giza.

"Galderic," akasema, "haukuwaka."

Akangoja jibu. Kengele ya kanisa ikalia, ikanyamaza. Birika likapumua harufu yake tamu. Akatoa kiberiti, akakikwaruza makusudi karibu na sikio, kisha cha pili, kisha cha tatu, ili aulizwe. Hakuulizwa. Hapo ndipo alipojua kwamba ile ilikuwa sauti ya pekee ya nduguye iliyokuwa imesalia duniani, akaendelea kuwasha hata njiti za kisanduku zikaisha.