Gitaa Lililoingiwa na Nyuki

Baba yangu, Sefania, alizikwa Jumanne, na Ijumaa yake gitaa lake la mwisho likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Aliyelitundika hakuwa mwendawazimu wala adui. Alikuwa Filemoni, kaka yake wa tumbo moja, mtu wa kusali na kufunga vifungo vyote vya shati, na mpaka leo nikikumbuka nashindwa kuamua nicheke au nikasirike.

Ulikuwa mwaka 1954, hapa hapa Mamba, kwenye milima ya Upare. Umeme hatukuwa nao, lakini baba alitengeneza magitaa ya umeme. Vitani Burma alikuwa fundi simu wa jeshi, na huko alijifunza kwamba sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba husikia chuma kikitikisika. Akarudi milimani na maarifa hayo kichwani. Alikusanya visikizi vya simu mbovu akatoa sumaku zake, akafumua nyaya za breki za baiskeli akapata nyuzi, akaunganisha gitaa na redio ya betri. Redio ikaimba kitu ambacho hakikutoka Dar es Salaam wala London. Wapigaji walipanda kutoka Same, wengine kutoka Moshi na Tanga, wakifika viatu vimejaa tope na macho yamewatoka.

Aliyezungusha waya ni mimi, Ruthi. Vidole vya baba vilikuwa vimekakamaa, na waya wenyewe ni mwembamba kama unywele. Nilibana keke, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, kwenye meza, nikazungusha mizunguko elfu tano kwa kila sumaku, na kila mizunguko mia nikadondosha punje ya hindi bakulini. Ukungu uliingia dirishani ukakaa nasi kama mgeni asiyeaga. Kuna saa nilikuwa sijui tena kama mimi ndiye ninayezungusha waya au waya ndio unaonizungusha mimi, na sauti ya patasi ya baba ilinijia kwa mbali, kana kwamba anachonga ng'ambo ya bonde. Nilikuwa na furaha. Sikujua kuwa ile ndiyo furaha, nilidhani ni kazi tu. Yeye alichonga, mimi nikazungusha. Tezo ya kuchongea sikuwahi kuishika.

Wiki ya pili baada ya msiba akaja Eliufoo, mpigaji wa Same, aliyekuwa ameagiza gitaa lile la mwisho. Alikunywa chai, akatoa pole, kisha akasema lililomleta.

"Dada Ruthi, mjini wanasema kazi imekufa na mzee. Mwezi ujao nafungua ukumbi mpya, watakuja wapigaji wa kila mahali. Nikipanda jukwaani na gitaa la hapa, wataleta maagizo hapa. Nikikosa, tutaagiza Nairobi, na sioni nani atapanda tena mlima huu."

"Lipo," nilisema. "Limebaki kufungwa shingo na waya, na shingo baba aliiacha tayari."

Nikaenda karakana. Shingo ilikuwepo, koili yangu ya waya ilikuwepo. Tumbo la gitaa halikuwepo.

Hapo inabidi nieleze. Magitaa ya mwanzo yalikuwa na mdomo mpana kifuani, na yakisogezwa karibu na spika yalipiga yowe. Baba alihangaika na yowe lile miaka saba. Mwishowe akachonga tumbo kutoka gogo moja la mringaringa, likiwa tupu ndani, limefunikwa kote, na tundu moja tu la kupitishia waya, la kutosha kidole kidogo. Sasa mwoneshe Mpare yeyote gogo la mringaringa lililotobolewa ndani, lina tundu dogo, kisha muulize ni nini. Asiyejibu "mzinga" atakuwa amelelewa kwingine.

Na kwetu mizinga ya marehemu huchukuliwa na kaka yake. Siku ya kugawa vitu, sisi wanawake tulikuwa ndani kwenye matanga, na baba mkubwa Filemoni akabeba mizinga tisa ya baba na huo wa kumi. Angejuaje? Hakuwa amekanyaga karakana ile tangu mwaka 1947, kwenye arusi moja ya Myamba, gitaa la kwanza lilipopiga yowe naye akauliza mbele ya wageni ni ndama gani anayechinjwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba hakucheka. Alirudi nyumbani akamfungia kaka yake mlango, na kila mmoja akabaki na ukaidi wake mpaka kifo kilipowaamulia.

Nilimkuta baba mkubwa shambani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia. Alisikiliza, jembe mkononi, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Ule mfupi? Nyuki wameshaingia, Ruthi. Hata siku nne hazikuisha. Nikasema marehemu kaubariki." Akatikisa kichwa. "Nyuki wakishahamia hawafukuzwi. Wa marehemu ndio kabisa."

"Kwa hiyo kazi yote ya baba iishie kwenye masega?" Nilipaza sauti kwa mtu ambaye nilipaswa kuinama mbele yake, na sikuomba radhi. "Ulimcheka akiwa hai, sasa umemtundika mtini!"

Aliinama akaendelea kulima. Nikaondoka, na njia nzima nilijiona mjinga, maana bila tumbo lile mimi nilikuwa nusu ya fundi tu.

Lakini sikutulia; nilitaka baba mkubwa asikie mwenyewe tumbo lile linavyolia. Asubuhi yake nikabeba redio na betri, pamoja na kisikizi kizima cha simu, ambacho bado kina kibati chake chembamba kinachotikiswa na sauti. Kikiwa na kibati, husikia hata pumzi. Nikapita kwa baba mkubwa nikamwomba anifuate, akafuata. Ukungu ulikuwa mzito, tukawa tunaona miguu yetu tu. Chini ya mti nilifunga kisikizi kwenye ncha ya ufito mrefu, nikakiegemeza taratibu kwenye tumbo la gitaa, nikawasha redio.

Mwanzoni palikuwa kimya, redio inapata moto. Kisha sauti ikaja. Sijui niiite nini. Maelfu ya nyuki waliimba ndani ya mti alioutoboa baba, sauti moja nzito isiyokatika, ikapanda kidogo, ikashuka, ikajaa ukungu wote mpaka nikahisi mlima unaunguruma chini ya nyayo zangu. Hapakuwa na yowe hata chembe. Baba alikuwa amelishinda, na hakuishi kusikia ushindi huo.

Baba mkubwa alivua kofia. Alisimama hivyo, umande unamtiririka kwenye ndevu, au labda haukuwa umande.

"Hiki ndicho alichokuwa anakitafuta?"

"Ndicho."

"Hakuniuliza mimi, na magogo nayajua," alisema. "Nilipoubeba mzinga huu nilishangaa. Ukuta wake mwembamba, sawasawa kote, kama alivyotufundisha baba yetu sisi wawili. Nikasema, kumbe Sefania hakusahau mizinga." Akanigeukia. "Mimi ndiye niliyemshikia gogo lake la kwanza, Ruthi. Mwache Sefania na nyuki wake. Nipe kipimo, nichonge jingine."

Basi nikampa. Siku kumi na sita alichonga kwenye karakana ya mdogo wake, mlango wazi, akinung'unika kwamba patasi za marehemu ni butu, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu. Mimi nilizungusha koili mpya, maana ya zamani niliiona imelegea. Mara nyingine alinyamaza kugonga, nikanyamaza kuzungusha, tukasikiliza, kisha tukaendelea.

Eliufoo alirudi mchana wa Jumapili, baada ya ibada. Akakaa kwenye benchi la baba, akakaza nyuzi, akapiga. Sauti nzito na tulivu ilitoka kwenye spika, haikupiga yowe hata aliposogea karibu. Akapiga tena, akicheka peke yake, akasema anataka mengine mawili kwa ajili ya wenzake.

Baba mkubwa aliuliza polepole, "Ndivyo yalivyokuwa yakilia ya Sefania?"

Nilisikiliza. Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Ya kwake yalikuwa na sauti nyingine."

Hapo nikalia, nikalia kwa sauti kama mtoto, nimeshika meza. Eliufoo akaacha kupiga, akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikamwambia hakuna kilichoharibika, ni baba tu amekufa, na yeye aendelee kupiga.