Swali Namba Saba

Swali lenyewe liko chini kabisa ya fomu: "Je, mtaa unahitaji fundi mwingine wa kutengeneza cherehani?" Anayelijibu ni fundi aliye karibu zaidi. Akiandika "Hapana," leseni hupati na duka hufungui, hata kama umeshalipa pango. Fundi aliye karibu na duka langu ni baba yangu mzazi, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui kushika bisibisi. Akaandika "Hapana."

Nilimfuata karakanani nimefura, fomu mkononi.

"Baba, hii fomu ni yangu mimi!"

"Nimeiona, mwanangu. Lakini nikikukubali wewe, kesho atakuja Spidi."

Spidi tulimpachika jina hilo kwa sababu alikuwa akimaliza kwa siku moja kazi ambayo baba huifanya wiki mbili. Miaka kumi na miwili iliyopita alitaka kufungua duka hapa. Baba, wakati huo mwenyekiti wa chama cha mafundi, akalitunga swali namba saba na kulipeleka ofisi ya leseni, eti kulinda ubora. Tangu hapo Spidi anabeba magunia sokoni.

"Ubora gani, baba? Hizi zote zinangoja nini?" Nilizihesabu cherehani pale sakafuni: kumi na moja, zimeshika vumbi. Ya kumi na mbili niliitambua kwa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye gurudumu. Ilikuwa ya mama.

"Mama anashona kwa mkono wiki ya tatu sasa. Mkeo huyo!"

"Hata mama yako atapanga foleni."

Nilichoka. Kuna watu unabishana nao mpaka unatamani kujigonga kichwa ukutani. Kumbe mama alikuwa mlangoni, shati la mteja begani. Aliinua cherehani yake, akanitwisha.

"Twende dukani kwako."

"Hana leseni!" baba akafoka.

"Si wanauliza mtaa unahitaji nini, baba watoto? Basi mtaa ndio mimi."

Baba alituangalia mpaka tukafika kizingitini. Kisha akaomba fomu, akaikata "Hapana" yake, akaandika "Ndiyo" huku amekunja uso kama anayeumwa jino.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa na wateja wanane wa kudumu, ndipo Spidi alipoingia, kofia mkononi, akaniwekea fomu mezani. Alikuwa amepata chumba mkabala na changu. Fundi wa karibu sasa nilikuwa mimi.

Naona haya kusema. Niliisoma namba saba nikajikuta nawafikiria wale wateja wanane, mmoja mmoja, na jinsi mkono wa Spidi ulivyo mwepesi.

"Niachie," nilimwambia. "Nitaiangalia kesho."

"Sawa, dada. Hata mzee wako aliniambia hivyo hivyo."

Nilimwita kabla hajavuka barabara. Niliandika "Ndiyo" akiwa amesimama mbele yangu.