Eda ya Karne Saba

Mvua za Machi 1997 zilibomoa choo cha Sijaona huko Buterere, akamwita jirani yake Yahaya amchimbie kingine. Shimo lilipofika kiunoni, jembe liligonga tanuri la udongo, vyungu vyenye kioo cha kijani kilichoganda, na vipande vya midomo ya chupa. Hapo kale watu walikuwa wakipuliza chupa. Tanuri lilikuwa bado la moto, na kwa kuwa makaa yalikuwa ghali siku zile, Sijaona aliinjika maharage juu yake. Yakaiva vizuri.

Kando yake kulikuwa na chupa nzima zilizozibwa, kila moja na pumzi ya mtu ndani, kama ilivyo kwa chupa zote za kupulizwa. Ya mwisho ilikuwa na pumzi ya mumewe, Shaabani, fundi magari. Mwaka uliotangulia, watu wenye bunduki walimshusha kwenye basi dogo wakisema ni maswali mawili tu. Bila shaka yalikuwa maswali marefu.

“Sijaona,” ilisema chupa, “mwenye Peugeot alikuja? Umwambie radiateri yake bado.”

Yahaya akaendelea kuchimba bila kuambiwa. Chini ya tanuri palikuwa na mifupa ndani ya ovaroli ya bluu, spana mfukoni. Kiraka cha gotini Sijaona alikishona mwenyewe. Alilia mpaka akatosheka, kisha akaenda kununua sanda. Alitaka Shaabani aswaliwe, azikwe, naye akae eda kama mjane yeyote, maana mtaani walishazoea kumwita mke wa msafiri.

Aliporudi na sanda alimkuta Astère, mtaalamu wa mambo ya kale, pamoja na wanajeshi wawili waliokuja kulinda vyungu. Astère alifurahi kupita kiasi. Tanuri, alisema, ni la karne saba zilizopita, na kilicho chini siku zote ni cha zamani kuliko kilicho juu. Ovaroli ikawa vazi la wapulizaji wa enzi hizo. Spana ikawa chombo cha kukunjia midomo ya chupa. Msomi ni msomi.

“Apana, shefu,” Sijaona alisema. “Uyu ni bwana yangu. Munipe nimuzike, nikae eda.”

Astère alimhurumia kwa adabu zote. “Mama, uyu mutu amekufa siècle saba. Eda yako ilishaisha zamani.”

Uwanja ukazungushiwa waya. Mifupa ilibaki ndani. Chupa ya Shaabani ilipelekwa mjini, ikawekwa kabatini, ambako huwauliza wageni habari za Peugeot.

Juma lililofuata watu wenye bunduki waliwachukua wanaume watatu kutoka mtaa wa Kinama. Asubuhi yake kulikuwa na chupa tatu juu ya tanuri, bado laini. Astère alisubiri zipoe, akaziandikia karne saba.

Sijaona alivaa nyeupe, akakaa eda yake karibu na waya, amechelewa kidogo. Jioni walikuja wanawake watatu kutoka Kinama. Walimwamkia, wakaketi, wakauliza ile nguo nyeupe inauzwa wapi.