Mbuzi wa Golisho

Jina la Golisho alilitunga mkwe wangu, Papa Barnabé, asikudanganye mtu. Wazungu wa kampuni ya migodi walipokimbia mtaa wetu wa Panda baada ya uporaji wa mwaka 91, uwanja wao wa golfu ulibaki majani tu. Barnabé alikuja kumposea mwanawe Damas binti yangu Aimée, akanikabidhi kamba ya mbuzi wa mama, yule wa mahari anayepewa mama wa binti, akasema golfu imekuwa malisho, basi tuite Golisho. Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake mtaa mzima ulisema hivyo.

Mwaka uliofuata mtaa huohuo uliwaambia watu wa asili ya mkoa wa Kasai, kama Barnabé na mwanawe, warudi kwao. Kwao wapi? Damas amezaliwa hapahapa Panda! Wakafukuzwa hata hivyo, wakawa wanalala kituoni wiki baada ya wiki wakingoja treni. Aimée alimfuata mumewe, na mimba ya miezi saba.

Maji yakanifika shingoni. Nikinyamaza, treni inamchukua mtoto wangu wa pekee. Nikipiga kelele, majirani wananichomea nyumba. Ilibaki njia moja. Kwa desturi ya wakwe zangu, mbuzi wa mama akirudishwa, ndoa imekufa na binti anarudi kwao. Sharti ampokee yuleyule aliyemleta. Basi nikamfungua mbuzi pale Golisho nikamburuta hadi kituoni, nina hasira na kila mtu, hata na mbuzi.

Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye reli, na masufuria na magodoro yao. Damas alipoona kamba alielewa, na hakubisha. Aliniomba nimchukue mkewe upesi, maana surua ilikuwa inaua watoto pale. Nikauliza Barnabé yuko wapi nimkabidhi mbuzi wake. Aimée alijibu bila kuniangalia.

"Tulimuzika juzi, mama. Hakuna tena mukono wa kumupokea. Minye niko bibi ya Damas."

Nikasema desturi na ife, Damas apokee mwenyewe. Damas akanyoosha mkono. Aimée akaushika mkono ule usifike kwenye kamba, hakuuachia.

Treni ilikuja Alhamisi. Nilirudi na mbuzi, sina mwana. Na wale vijana waliomfukuza Barnabé, kila asubuhi wanapita mlangoni pangu na mbuzi zao, wananiuliza kama ninaenda Golisho.

Ninaenda. Nitampeleka wapi pengine?