Mchele Usiodai Kitu

Mjomba Tumu alitukuta kwenye foleni. Alikuwa ametoka bonde la Lai kwa miguu, amevuka mlima na kulala porini, na mzigo wa viazi vitamu ulikuwa umemwinamisha shingo. Nyuma yake alikuja mkewe, kamba ya mfuko wake imemkaa kwenye paji la uso, naye kajaza viazi vilevile. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye matope mbele ya kibanda cha serikali, kila nyumba na sufuria yake, tukingoja mchele. Mama ndiye aliyemwona kwanza. Hakuinuka kumlaki. Aliificha sufuria nyuma ya mgongo wake, na mimi, Kopiame, msichana niliyekuwa ndiyo kwanza naanza kuvunja ungo, nikaona aibu bila kujua ni aibu ya nini.

Kwetu Kandep ni juu sana, na adui yetu ni usiku mweupe. Ukiona nyota zimejaa mbinguni hakuna hata wingu, usifurahi. Asubuhi utakuta sakitu, umande ulioganda kwa baridi, imelala juu ya mashamba kama chumvi, adhuhuri majani yamekuwa meusi, na baada ya siku chache matuta yote yananuka kwa viazi vinavyoozea chini. Wazee wetu walikuwa na dawa moja tu ya sakitu, nayo ni miguu. Walifunga nguruwe kamba, wakabeba watoto, wakateremka kwa wakwe zao mabondeni, wakakaa huko wakilima na kula mpaka udongo wa juu upone. Siku moja wa chini nao wangepata haja, wangepanda kuja kudai nguruwe, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Undugu ni kufaana. Mama yangu Takame aliletwa huku juu kuolewa, pamoja na mambo mengine, ili njia hiyo isiote majani.

Baba yangu, Lakani, hakuipenda njia hiyo. Kila sakitu ilimpeleka kula kwa shemeji yake, na wanawake wa kule walikuwa na midomo.

"Lakani, nyumba yako ya barafu imeyeyuka tena?"

"Karibu shemeji! Naona safari hii umekuja na meno tu."

Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Baba alicheka pia, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Mwaka ule sakitu ilipiga usiku baada ya usiku, haikubakiza hata mbegu. Kabla watu hawajafunga mizigo, akaja afisa mzungu wa serikali na mkalimani wake. Mkalimani alipanda juu ya pipa.

"Msiende popote! Serikali imemwaga pesa kwa ajili yenu. Ndege zitaleta mchele, magari yataleta samaki wa kopo. Kaeni kwenu mwandikwe. Atakayeondoka, fungu lake limeondoka naye!"

Baba akainua mkono. "Na malipo?"

"Malipo gani?"

"Nguruwe. Serikali itakuja kudai nguruwe wangapi?"

Mkalimani alicheka nusura aanguke kwenye pipa. "Serikali haidai kitu, mzee. Wewe kula ushibe."

Baba alitugeukia. Sijawahi kuuona tena uso wake ukiwa mwepesi namna ile.

Jioni Mama alijaribu. Alikuwa amempakata mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya.

"Tumu atakuwa ameshatulimia."

"Mpelekee salamu."

"Salamu hazichimbi viazi, baba Kopiame. Akija kuniuliza, nitamwambia nini?"

"Mwambie mwaka huu sitaki kuchekwa na dada zako."

"Wanakucheka kwa sababu upo," Mama alisema. "Siku wakiacha ndiyo uogope."

Lakini mtoto alikuwa dhaifu, njia ya mlimani ina baridi, na mchele kweli ulikuja. Tukabaki.

Sisemi mchele ulikuwa mbaya. Nimewasikia vijana wa siku hizi wakiutukana, na huwa nawanyamazisha. Zamani sakitu ilizika watoto mlimani, mmoja huku, mwingine kule. Mwaka ule hatukuzika mtoto hata mmoja. Mdogo wangu yule leo ni babu, anaishi mji mkuu, Moresby, na tumbo lake. Mchele ulimlea, na mimi siwezi kuutukana mchele uliomlea ndugu yangu.

Basi turudi kwenye foleni. Baba alipomwona Mjomba alifurahi, tena furaha ya kweli. Aliruka kumsaidia kutua mzigo, akamketisha kwenye gogo, na fungu letu la mchele lilipotoka akaliinjika lote palepale, mbele ya watu. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu alipooa, siku ya yeye kumlisha shemeji yake. Wali ulipoiva aliupakua kwenye jani la mgomba lililofungia viazi vya Mjomba, akampa kwa mikono miwili.

Mjomba aliupokea kwa heshima. Akautazama.

"Mpunga wa wali huu kalima nani?"

"Serikali."

"Dada yangu alipalilia?"

"Wapi! Unatoka mbali huko, kwenye ndege."

"Wewe ulibeba?"

Baba akacheka. "Shemeji, kula tu. Mchele huu haudai kitu."

Mjomba aliliweka jani chini, taratibu, asimwage hata punje. "Ndiyo maana siwezi kuula," akasema. "Nikila, nitakurudishia nini? Na nitamrudishia nani?"

Kisha akamgeukia Mama. Mama ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, na Mjomba alisema naye kwa sauti ya chini kama vile bado yuko mgongoni.

"Dada, niliposikia sakitu imepiga nilikulimia upande wa mtoni. Nikakujengea na nyumba. Nimengoja mpaka viazi vimeanza kupasuka ardhini. Nikasema labda mmefia njiani, ngoja niwafuate. Kumbe mmeshiba."

"Tumu, nilitaka kuja."

"Najua."

"Nitakuja. Mtoto akipata nguvu tu."

"Nitafungulia nguruwe waingie, dada. Shamba lisioze bure."

Alisimama. Mkewe alimkumbatia Mama, wakaiacha mizigo yao pale kwenye matope, wakashika njia. Mama alimtupia Baba mtoto na kuwafuata. Nilimwona akikimbia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, mpaka pale njia inapoingia kwenye matete. Na hapo mkalimani akaanza kuita majina ya fungu la samaki.

"Takame!" Baba alipiga kelele. "Takame, wanakuita!"

Alisimama. Mjomba naye, kule mbele, alisimama. Hakugeuka, ila alisimama kwa muda wa mtu anayemngoja mwenzake aje. Mtoto alilia mikononi mwa Baba. Mama akarudi, akanyoosha mkono, akapokea kopo.

Hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa heri ugomvi, kwa maana ugomvi una mlango wa kurudia. Mwaka uliofuata, nguruwe wa Mjomba walipita njia nyingine kwenda kwa watu wengine. Mama aliteremka mara moja kumwona ndugu yake. Aliporudi nilimuuliza walimpokea vipi.

"Vizuri," akasema. "Wamenitandikia mkeka mpya. Wamenipakulia mimi kwanza." Akafungua kamba ya mfuko wake. "Hakuna hata mmoja aliyenitania."

Hakwenda tena. Sakitu imepiga mara nyingine tangu hapo, na kila ikipiga tunakaa kutazama barabara kama magari yanakuja. Kuna mwaka yanakuja, kuna mwaka hayaji. Hakuna bonde hata moja linalojua jina langu.

Mama alifariki mimi nikiwa tayari nina watoto. Kwetu mwanamke akifa, nyama ya matanga si ya mumewe wala ya wanawe. Ni ya watu waliomzaa, kwa kuwa mwili ulikuwa wao. Tulimtuma mume wangu bondeni na habari. Alirudi akasema Mjomba Tumu, mzee sasa, amemsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," kisha akachukua jembe lake akaenda shambani.

Hata hivyo Baba alichinja. Alichagua nguruwe wakubwa kuliko wote aliokuwa nao, akachimba shimo mwenyewe, akapasha mawe, hakutaka mtu amsaidie. Majirani walikuja, wakakaa mbali na nyama kama inavyopasa. Nyama iliiva, ikafunuliwa, ikakatwa, ikapangwa juu ya majani upande wa njia ya bondeni, na mafuta yakaanza kuganda.

Mwishowe jirani mmoja mzee akauliza, kwa upole, "Lakani, watu wake wako wapi?"

"Njiani," Baba akasema.

Nilikwenda nikakaa karibu naye. Majirani waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao, na sisi tukabaki tunafukuza nzi.