Msomaji wa Nakala Mama

Ukinakili kitabu mjini Yerwa ukakimaliza, bado huna kitabu. Una mtoto asiye na baba, ndivyo wasemavyo wanavyuoni wa huko, wala hawatanii. Nakala mpya haiaminiki mpaka watu wawili wakae uso kwa uso: mmoja ashike nakala mama asome kwa sauti, mwenzake ashike ile mpya na kalamu, asikilize, asahihishe. Wakichoka huandika pembeni: tumefika hapa, na majina yao, na siku. Macho ya mtu mmoja hudanganya. Huruka mstari mzima, kisha yakakuapia kwamba hayakuruka.

Goni Mele na Goni Grema, na goni ni aliyehifadhi msahafu wote kifuani, walikaa hivyo miaka thelathini na mmoja, kila Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri, katika chumba cha kuingilia nyumbani kwa Grema. Kazi yao ilikuwa maelezo ya msahafu wa kale, yale yaliyoandikwa katikati ya mistari kwa lugha ya mababu ambayo siku hizi wanaoielewa wanahesabika kwa vidole. Grema alisoma, Mele akashika kalamu. Mtaani waliitwa bwana na bibi harusi. Mele akisinzia, mwenzake hakumwamsha kwa adabu.

"We Mele! Umelala au umekufa? Sema basi, nijue kama namsomea goni au namsomea maiti."

Lakini aliyekufa ni Grema, na kitabu kilibakiza karatasi kumi na moja.

Nakala mama ilikuwa mali ya ukoo, na ndugu wa marehemu walishaamua kuwa Ijumaa itavuka mpaka kwenda kwa kaka yao mkubwa. Mele alipewa siku tatu. Alizunguka kutafuta msomaji. Goni mmoja alisema koo linamuuma. Wa pili alicheka tu: "Kazi ya wazee hiyo, mzee wangu. Ipige picha uimalize nyumbani." Basi Jumanne akaenda peke yake. Yagana, mjane wa Grema, alikuwa edani nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni, akisonga chakula cha brabisko, na walijuliana hali bila kuonana.

Mele alifungua ngozi iliyofungia kitabu, akaiweka nakala mama mapajani. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Miaka yote hiyo ilikuwa ikikaa upande wa Grema. Ili kuzoeza macho akaanza na karatasi ya mwisho waliyoisoma pamoja. Nakala mama ilisema "mvua ya kwanza". Yeye mwenyewe alinakili vivyo hivyo kwa wino mweusi. Kisha, kwa wino mwekundu, alikuwa amelikata na kuandika "mvua ya neema", kwa sababu ndivyo Grema alivyosoma. Mstari wa nne, vilevile. Wa saba, vilevile. Akarudi nyuma karatasi kwa karatasi, na kila mahali wino mwekundu ulikuwa umeua neno la kweli. Alirudi karibu miaka mitatu ndipo akakuta masahihisho yanayolingana na nakala mama.

Hasira zilimpanda, na kumkasirikia maiti ni dhambi ngumu, maana hakuna wa kumwomba radhi.

"Shemeji," akaita. "Samahani kwa usumbufu. Grema alikuwa anaona?"

Mwiko ulinyamaza chunguni.

"Unaniuliza hilo leo?"

"Leo ndiyo nimejua kuuliza."

"Uso wangu alikuwa hauoni. Mimi alinijua kwa mwendo. Karatasi nilimpangia kabla hujafika, naye alikuwa anageuza tu. Maneno yote alikuwa nayo kifuani."

"Kifuani!" Mele akapaza sauti. "Shemeji, nimekata maneno ya kweli kwa mkono wangu huu! Miaka mitatu! Kwa nini asiseme?"

"Nilimwambia aseme. Akanijibu, Mele akijua, atatafuta macho mengine."

Mele aliufungua tena ukurasa wa nakala mpya pale makosa yalipoanzia. Akinyamaza, nakala itapokewa, na wanafunzi watakariri wino mwekundu mpaka kiyama bila mtu kushtuka. Akisema, kazi itakosa baba, kwa kuwa siku tatu hazirudishi miaka mitatu, na Ijumaa nakala mama inaondoka. Na jina la Grema lingebaki pale na aibu yake. Alitamani Grema awepo amwambie afanye nini, kisha akakumbuka kwamba angemtukana tu.

Akachovya kalamu.

"Unaandika nini?" Yagana akauliza.

Akamsomea: "Kuanzia hapa msomaji hakuwa na macho. Yaliyo mekundu yametoka kifuani mwa Goni Grema, si katika nakala mama. Mtu asiyapokee kabla ya kuyapima."

"Unamwaibisha kaburini."

"Nilishika kalamu bila kumtazama machoni, shemeji. Miaka mitatu yuko mbele yangu! Jina langu nimeliweka hapohapo na lake."

Karatasi kumi na moja hakuzigusa. Pembeni mwake hapakuandikwa kitu. Alifunga nakala mama katika ngozi yake na kuisukuma chini ya mkeka, na mkono wa mjane ukaivuta ndani.

"Angeniambia tu, shemeji. Ningeendelea kuja. Hata tukae tu, tupige soga."

"Wewe?" Yagana hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Miaka thelathini hujaingia nyumba hii bila kitabu. Siku ile alipolazwa na homa, ulimpelekea karatasi hospitalini. Ulipomkuta amelala, ulikaa?"

Hakukaa. Aliziacha karatasi kwenye mto wa kitanda na kuondoka, akijisifu moyoni kwamba hakumsumbua mgonjwa.

Hapakuwa tena na kazi. Mele hakuinuka. Alibaki kwenye mkeka wake wa siku zote, mapaja matupu, akitazama upande wa Grema. Nje, majani ya mwarobaini yalikuwa yakifagiliwa, na muda ukapita.

"Umesahau kitu, Goni?" Yagana akauliza.

"Hapana. Nimekaa tu."

"Umechelewa," akasema mjane, na mwiko ukarudi chunguni.