Mkono wa Mkwe

Nilishuka kutoka Ukata na jambo moja tu moyoni: kumchukua binti yangu Edina aje ajifungulie kwangu. Mimba ilikuwa ya miezi saba, tena ya kwanza, na mimba ya kwanza huangaliwa na mama mzazi. Nilikwisha kumtandikia kitanda kilekile nilichomzalia yeye. Kahawa yangu niliiacha kwenye vichanja mikononi mwa jirani yangu Walburga, mtu ambaye kwa kawaida simwachii hata jembe. Mjue basi nilivyokuwa nimedhamiria.

Edina anafundisha shule ya msingi huko Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, na huko ndiko walikookotana na Hamphrey, Mnyasa mwenye mashua ya tanga ya kupeleka wageni kisiwani. Sikumpenda. Alikuwa mcheshi mno, na mtu anayechekacheka karibu na maji mimi simwamini. Ila jambo moja sikuweza kumlaumu, nalo ni heshima. Mama yangu alinilea kwamba mkwe wa kiume humpi mkono, huli naye sahani moja, hukai naye ubao mmoja, na mkiwa na neno, lipite kwa mtu wa tatu. Kabla ya harusi nilimtuma Edina amfikishie hayo yote, naye kijana akayashika kama katekisimu.

"Ni likizo, mama, upumzike kidogo," Edina aliniambia jioni niliyofika. "Kesho Hamphrey atatupeleka kisiwani. Tukirudi nitakupa jibu."

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Nilikaa mbele kabisa, mgongo nimempa mkwe, kitenge nimekivuta mpaka masikioni.

"Edina, mwambie mumeo apunguze mwendo."

"Edina, mwambie mama mwendo ni wa upepo, mimi nashika usukani tu."

Nusura nicheke, nikajizuia. Njia nzima alimsimulia mkewe mawimbi aliyowahi kukutana nayo: la siku ya Pasaka, la mwaka alipokufa babu yake, kila moja na upande lilikotokea. Nikajisemea, huyu anakumbuka mawimbi kama mimi ninavyokumbuka wadeni wa mbegu zangu.

Kisiwani mchanga ulikuwa mweupe, na maji unaona vidole vyako vya miguu. Edina aliingia mpaka magotini, akainua gauni, akawa anacheka peke yake na tumbo lake. Niliona wivu, siwezi kusema uongo. Kwangu hajawahi kucheka hivyo.

Hamphrey alichoma samaki aina ya mbasa. Akapitisha neno kwa Edina kwamba tule wote pamoja, haraka, tuondoke saa saba, maana Mwera huwa unaamka mchana, na huo si upepo wa kuchezea. Nikakataa. Nile na mkwe, macho kwa macho? Nilitaka mimi na Edina tule kwanza nyuma ya mwamba, yeye akae upande wa pili, asianze mpaka nimenawa. Nami nikala taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Mama, upepo," Edina alisema mara mbili.

"Upepo haukufundwa," nikamjibu. "Sisi tumefundwa."

Tuliondoka saa nane na nusu.

Hatukufika mbali. Mwera ulitupiga ubavuni, mashua ikalala upande, maji yakaanza kuingia. Edina aliinama nyuma ya mumewe akiyakumba kwa kopo.

"Edina, mwambie mama asogee huku juu! Tukae upande mmoja!"

Huko juu ndiko kulikokuwa na ubao wake. Ningekaa naye goti kwa goti.

"Mwambie hapa pananitosha."

"Mama, sogea!" Edina alipiga kelele. Nikang'ang'ania pale pale. Wimbi lililofuata likanichukua.

Sisi watu wa milimani maji tunayachota, hatuyaogelei. Nilizama, nikaibuka, kitenge kimenifunika jicho moja, na kwa jicho la pili nikaona mkono. Mkono wa Hamphrey, umefunguka, karibu kabisa na uso wangu. Nami, Mungu anisamehe, nikaurudisha wangu. Sikufikiri. Miaka hamsini na minane ya malezi ndiyo iliyouvuta. Naye aliona. Akasita, akaurudisha wake, akaniletea kafi.

Nililikosa kafi, nikazama tena. Nilipoibuka, aliyenikamata gauni alikuwa Edina, tumbo lake limebanwa kwenye ukingo wa mashua, na nikamsikia akilia kwa maumivu. Wakanivuta wote wawili.

Kwenye zahanati muuguzi Beata aliweka kifaa chake juu ya tumbo, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Nilianza Salamu Maria, nikasahau katikati.

"Moyo unapiga," akasema mwishowe. "Ila apumzike, asibebe kitu."

Edina akalia, kisha akamgeukia mumewe. "Mama yangu anazama, wewe unamnyooshea kafi! Nilikuona. Alikuwa hapa, hapa! Heshima gani hiyo? Akizama mtoto wetu utamfanyia adabu gani?"

Hamphrey alinitazama mara moja tu, akashusha macho. "Nisamehe," akasema. Basi.

Neno lilikuwa langu, nami nikalimeza. Nikajidai natetemeka kwa baridi. Ukweli ni kwamba nilinyamaza kwa sababu Edina alikuwa ameendelea: "Mama, nitakwenda nawe." Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi Hamphrey alitusindikiza kwenye gari la Mbinga. Edina aliingia bila kumtazama. Mimi aliniletea furushi la dagaa wakavu, akaliweka chini hatua tatu kutoka kwangu, ili niliokote mwenyewe bila kugusana. Furushi lile ndilo lililonimaliza. Nikaenda mpaka alipo, mbele ya abiria wote, nikanyoosha mkono.

Aliutazama. Kisha akaweka mikono yake nyuma, akainama.

"Edina, mwambie mama safari njema."

"Umeona?" Edina alisema dirishani, sauti imekauka. "Hata leo."

"Jana alinipa mkono," nikasema.

"Nani?"

"Mumeo. Alinipa mkono kwanza, kabla ya kafi. Ulikuwa umeinama unakumba maji. Mimi ndiye niliyeukataa."

Kondakta akapiga bati. Edina hakusikia, au hakujali. "Hamphrey, ni kweli?"

Kijana yule alikuwa na nafasi ya kujiokoa, na shahidi mwenyewe amesimama upande wake. Akakuna kichwa. "Maji yalikuwa mengi," akasema. "Wimbi lile hata silikumbuki vizuri."

Edina alimtazama mumewe, mtu anayekumbuka mawimbi ya miaka yote. Akainuka. Nikataka kumbebea mfuko, akanizuia kwa kiganja, bila ukali. Akashuka.

"Ungeacha nimchukie mpaka lini, mama?" akaniuliza.

Gari lilikuwa linaondoka. Nikapanda. Hamphrey alikuwa ameshika mfuko kwa mkono mmoja, mkewe kwa mwingine.

"Edina, mwambie mama..." akaanza.

"Mwambie mwenyewe," Edina akamkata.

Akanigeukia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," nikamjibu, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Kisha nikaweka furushi la dagaa kwenye kiti nilichomlipia Edina, nikalishikilia njia nzima mpaka Mbinga.